Nafasi ya Sanduku

Nehemiah, dereva, alikuwa ameagizwa jambo moja tu: sanduku lisikae kwenye buti. "Likae mbele, penye AC," kafili wake, mwajiri aliyemdhamini kuingia Saudia, alimwambia. "Ukiona pamebana, panda buti wewe."

Sanduku lilikuwa la Mzee Morishige, Mjapani wa miaka sabini na minane aliyealikwa kupiga gitaa Riyadh, kisha Jeddah. Alilibuni mwenyewe zamani, baada ya wenzake wa bendi ya jazi kumtoka mmoja mmoja. Lilinasa sauti ya gitaa, likaigeuza, likairudisha baada ya pumzi chache kama mtu anayejibu. Ndilo lililompa jina duniani. Na tangu hapo hakuna aliyeomba kupiga naye. Kila mtu alimwona amejitosheleza.

Onyesho la Riyadh lilipoisha salama, Ijumaa Nehemiah akapitia mtaa wa Batha, chumbani kwa Josphat, Mkenya mwenzake. Siku sita za wiki hakuwa na wa kusema naye Kiswahili. Alificha sanduku kwenye buti lisiibiwe, akasema anakaa kidogo. Kidogo hicho kilimfikisha alasiri, na ulikuwa mwezi wa Agosti. Aliporudi, ganda la plastiki lilikuwa limepinda, na taa ya kijani haikuwaka tena.

"Nyamaza tu," Josphat alimwambia. "Kafili akijua, halas, kwisha, wewe ni wa ndege ya kurudi nyumbani."

Kesho yake wakashika njia ya Jeddah, mzee kiti cha nyuma, sanduku mbele. Nehemiah alishika ushauri huo hadi katikati ya jangwa, kisha ukamshinda, akasema kwa Kiingereza:

"Mzee, sanduku nimeliua mimi. Nililiacha juani."

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa watu wa kwetu. Nilikuwa na hamu ya kuongea."

"Mliongea nini?"

"Mambo ya bure tu. Mwenzetu Kevin alipika ugali, Josphat akamuuliza kama tuunywe kwa kikombe."

Mzee hakucheka. Aliomba aelezwe ugali ni nini.

Walipofika Jeddah, mzee alimwambia kafili kwa simu kwamba sanduku limezeeka, basi. Jioni akapanda jukwaani na gitaa peke yake. Alipiga kipande, akasita, akangoja pale ambapo sanduku lingejibu. Kimya. Akaendelea, akangoja tena. Watu walidhani ni ufundi. Nehemiah, aliyewahi kupiga gitaa la pili kanisani kwao Vihiga, alisimama mlango wa nyuma, na kila kimya kilipofika vidole vyake vilibonyeza mkono wa shati kana kwamba ni nyuzi za gitaa. Hakuna aliyemwona.

Walipotoka, alilifunga sanduku bovu mkanda kwenye kiti cha mbele, kama alivyoagizwa. Mzee alilitazama. Akalifungua mkanda, akalipeleka mwenyewe kwenye buti, akarudi kuketi kando ya dereva.

"Ile ya kikombe," alisema. "Nieleze tena, polepole."