Jiwe la Uani

Saa tatu na robo asubuhi bango jipya lilikuwa limeegemezwa ukutani, uani mwa ngome. Fundi alitakiwa kulijengea kwa saruji saa sita. Lilisema kwamba askari walinolea mapanga yao kwenye jiwe lililo mbele yake, refu kama meza, lenye vishimo vitatu ukingoni.

Mwongoza watalii, ambaye wenzake walimwita Redio, alikuwa na wageni kumi na wawili. Wa kumi na tatu alikuwa shangazi yake, dobi mstaafu. Alikuwa amekata tiketi.

"Askari watatu," Redio alieleza, "bega kwa bega, kila alfajiri."

"Uongo," alisema shangazi.

Wageni walicheka. Redio akamvuta pembeni. "Shangazi, utanimwagia kitumbua changu mchanga. Nani atasafiri kuja kutazama pa kufulia?"

"Hapo pa kufulia ndipo palipomsomesha baba yako. Askari gani alimnunulia daftari?"

Kabla ya kuwa makumbusho, ngome ilikuwa hoteli kwa miaka thelathini na minne. Shangazi alifua pale ishirini na sita. Mashuka sabini kwa siku yalianikwa juu ya paa, na wageni waliokuwa ufukweni waliitambua hoteli yao kwa weupe ule. Upepo ukiyatunisha kama matanga, mama yake, aliyefua naye hapo, alizoea kusema, "Shikeni nyumba, inataka kuondoka." Mama huyo hakuwahi kupigwa picha akiwa kazini. Kilichobaki cha kazi yake ni jiwe, na saa sita lingepewa askari.

Kelele zilimtoa ofisini mkuu wa makumbusho, mwanamke mwenye miwani.

"Una ushahidi gani, mama?"

"Leta futi upime."

Mkuu alipima. Hakuona mkwaruzo wa chuma popote. Vishimo vilikuwa laini kama ndani ya kikombe. Viwili vilielemea kulia. Cha tatu, chenye kina cha sentimita nne, kilielemea kushoto.

"Mimi nina shoto," alisema shangazi. Alitoa mkobani shuka lenye herufi za hoteli kwa uzi mwekundu, akalilowesha bombani, akaanza kusugua. Ngumi yake iliingia kishimoni na kutoka bila kugusa ukingo.

"Na hivi viwili?" mkuu aliuliza.

"Cha mwisho kule ni cha jirani yetu, ulimi wake ulikuwa mkali kuliko hayo mapanga yenu. Cha katikati ni cha mama."



Saa sita fundi alifika na saruji, akarudishwa. Bango liliingizwa stoo.

Saa nane Redio alisimama mbele ya wageni wengine tisa, akaweka mkono kwenye kishimo cha katikati.

"Hapa," alisema, "alifulia bibi yangu."