Nzi Chini ya Msalaba

Kila jioni, giza likishatanda, binti mmoja, fundi miwani, alizima taa ya chumba, akakisogeza kitanda cha baba yake hadi dirishani, kisha akasubiri macho yazoee. Mzee, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa amepooza miguu, na macho nayo yalikuwa yameingia ukungu. Alichobaki nacho ni mdomo.

"Anzia kwenye Msalaba wa Kusini," alielekeza. "Teremka hadi mguuni pake. Hapo chini pana vinyota hafifu. Huyo ndiye Nzi. Usimkazie macho, mama. Mtazame kwa pembeni, atajitokeza mwenyewe."

"Yuko, baba."

"Basi na mimi nipo."

Maneno hayo yalimfunga binti kuliko kufuli. Karakana ya miwani ya mji mwingine ilikuwa imemwita kazini, na shangazi yake alikuwa tayari kumpokea mzee hata kesho. Lakini mzee alikuwa amekula kiapo: hatoki chumba kile maadamu Nzi anaonekana dirishani. Ng'ambo ya uchochoro ghorofa lilikuwa likijengwa. Kila safu ya matofali iliyoongezeka, binti aliishangilia kimoyomoyo, halafu akajichukia.

Jioni ile Msalaba ulisimama juu ya ukuta mpya. Chini ya mguu wake palikuwa na matofali matupu. Binti alitazama kwa pembeni, kushoto, kisha kulia. Matofali.

"Umemwona?"

Neno moja tu lingemfungua. Akachagua lingine.

"Yuko, baba. Leo amefifia kidogo."

Mzee akacheka puani. "Lazima afifie. Leo mchana mwashi wa ghorofa lile ameniamkia hapo dirishani, yuko juu ya ukuta wake, nusura tupeane mikono. Uongo huu umejifunza wapi? Kwangu hukuutoa."

"Baba..."

"Kiapo ni kiapo. Mpigie shangazi yako. Mwambie anitafutie chumba chenye dirisha, na asianze kunihubiria habari za dawa kabla sijashuka garini."

Binti akaichukua simu. Jina la shangazi lilikuwa pale pale, juu kabisa, na mwanga wa kioo ulimjaa usoni. Kidole kiligoma.

"Mbona hupigi?"

"Jina silioni, baba," alisema. "Nasubiri macho yazoee giza."