Wifi Haitumiki Popote

Kitelezi, kile kitufe cha kuburuta kwenye skrini, kilikuwa kimekufa, tena kifo kibaya, maana sura yake ilibaki palepale. Chini ya grafu ya kina cha bwawa kilionekana kizima, cha bluu, kinangoja kuvutwa. Mchora grafu wa ofisi ya maji alikivuta kwa kipanya mara kumi na hakikusogea hata nukta. Saa nane mchana wasimamizi wa bwawa wangeingia ofisini kuuliza maji yalikuwa wapi mwaka gani, naye angewaonyesha picha tu.

Jana kilikuwa kinafanya kazi. Kosa lake lilikuwa kupenda usafi: alizikusanya amri zote za kukitengeneza akazitia ndani ya funksheni moja, programu ikapendeza kuisoma. Kizuri hakikosi ila.

Aliyeiandika programu ile tangu mwanzo ni dada wa mumewe, fundi wa kompyuta wa mji mwingine. Zamani lingekuwa jambo la dakika mbili. Mume angepiga simu, wangetaniana kidogo kindugu, kisha angemkabidhi: "Haya, ongea na wifi yako." Lakini mume alizikwa miezi minane iliyopita, na tangu waombolezaji walipotawanyika hakuna aliyempigia mwenzake, si wa huku wala wa kule. Mjane alishajiamulia kwamba uwifi uliletwa na mume, na mume alipoondoka aliondoka nao. Siku hizi alikuwa anaosha sahani moja. Alikuwa mpweke, na hakuwa na hata mtu wa kumficha upweke huo.

Saa sita na nusu akapiga.

"Halo? Samahani, simu yangu iliibiwa, namba zote zikapotea. Naongea na nani?"

Alitafuta neno la kujitambulisha, kila alilolishika likamteleza. "Ni... mke wa marehemu kaka yako."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata.

"Huyo simjui," sauti ikasema. "Mimi nina wifi, mvivu wa kupika, mwepesi wa kulia. Ukimwona mwambie namba yake ningeipata kwa yeyote, ila nilimwogopa. Nilidhani akisikia sauti yangu atamsikia kaka."

Mjane akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo, kuthibitisha alivyosemwa.

"Basi, futa kamasi. Nini kimekuleta? Najua hujapiga kunisalimia."

Akaeleza. Wifi yake hakuhitaji hata kuona.

"Kitelezi umekitengeneza ndani ya funksheni, funksheni ikamaliza kazi ikafungwa. Huku nje hukukipa jina. Sasa, kompyuta ina mfagiaji wake. Kitu kisichoshikwa na jina lolote anajua hakina mwenyewe, anakizoa. Picha utaiona kwenye skrini, lakini chenyewe kimeshakwenda jalalani. Fanya funksheni ikurudishie kitelezi, kisha ukipe jina huku nje."

"Halafu hilo jina nilitumie wapi?"

"Usilitumie popote. Kazi yake ni kushika tu."

Aliandika jina la kwanza lililomjia: wifi. Akaendesha programu, akavuta. Kitelezi kikafuata, na mstari wa maji ukashuka, ukapanda, miaka yote ishirini.

"Kinasogea," akasema.

"Nipigie Ijumaa. Hata kama hakuna kilichoharibika."

Wasimamizi walikuja, wakakigombania kitelezi kwa zamu, wakaondoka wameridhika. Jioni ofisi ikielekea kufungwa, ujumbe ukaingia kutoka kwa mkaguzi wa programu wa ghorofa ya chini, mtu asiyevumilia mstari usio na kazi.

"Mstari wa arobaini: wifi haitumiki popote. Na intaneti inahusiana nini na grafu? Niifute?"

Akausoma mara mbili. Chumba kilikuwa na viti vitatu na mtu mmoja, sawa na kila jioni, na nyumbani ilikuwa inamngoja ile sahani yake. Ijumaa ilikuwa bado siku tatu. Akavuta kibodi, akajibu:

"Usimfute. Ndiye aliyeshika."