Mche Katika Mkebe wa Rangi

Mama alichutama mbele ya mkebe wa rangi, akakunja jani moja katikati ya vidole, akalinusa. Mche ulikuwa na urefu wa shubiri, umesimama wima kama askari wa geti. Muriithi, mume wangu, alikuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi, chai ambayo hakuwa akiinywa.

"Huu haukuota hapa," Mama alisema.

Alikuja kwetu Murera baada ya kumzika baba, akitoka Mwingi na mbuzi jike mmoja na gunia la matunda ya mti wa mukau. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; Mama alijipa mwenyewe siku ya kwanza. Nilimwomba asirudi kule kukaa peke yake. Akanijibu kwamba atauliza udongo kwanza. Mbegu zake zikishika, atakaa nasi. Zikikataa, atarudi kwake, azeeke akiiona miti anayoijua. Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda jikoni nikalia, maana mamangu akisema amesema.

Mukau hauoti kwa kufukiwa tu. Mbuzi hupewa matunda jioni, na akicheua hula nyama ya tunda na kutema kokwa. Asubuhi Mama alifagia zizi, akaokota kokwa na kuzipasua kwa kisu taratibu asije akaumiza mbegu iliyo ndani, akazilowesha, akazipanda kwenye mikebe nyuma ya nyumba. Mvua ikaja ikaenda. Baridi ya Julai ikatua. Mikebe ikabaki na udongo mtupu, na Mama akaanza kukunja nguo zake.

Ndipo ukatokea huu mche, uliolala ukiwa haupo na kuamka ukiwa na majani.

"Huu ni binamu wa mukau," Mama aliendelea, akinitazama mimi. "Ule wa kivuli, wa kando ya barabara. Ndege ndio hula matunda yake na kwenda kumwaga mbegu kwenye mashamba ya watu. Mbuzi akiyala, anaweza kufa."

Nilitazama mkono ulioshika kikombe. Kucha zilikuwa na udongo mwekundu.

Kwetu Ukambani mkwe hukaa mbali na mama wa mkewe kwa heshima, na Muriithi, Mkikuyu wa watu, alikuwa ameishika desturi hiyo kuliko hata kaka zangu. Alikuwa akimsalimia Mama kwa mbali, akipitia mlango wa nyuma, akila chumbani. Mama alikuwa ameniambia kwa uchungu kwamba mume wangu anamvumilia tu. Kumbe mwenzetu alikuwa amekwenda Gatongora kutafuta mche, na muuza miche akamhakikishia kwamba huo na mukau ni wa ukoo mmoja.

Muriithi aliweka kikombe chini.

"Ni mimi, Mama," alisema. "Sikujua nitakuomba vipi ukae."

Mama alibaki amechutama, kidole chake kikishindilia udongo kando ya shina, na mimi nikaogopa kwamba tumemwaibisha na sasa ataondoka siku hiyo hiyo. Mbuzi alilia zizini. Mama alimpenda mbuzi yule. Alimwita kwa jina la shangazi yake.

"Mwendwa," alisema, "mwambie mumeo mti huu hauwezi kukaa boma moja na mbuzi."

Nikamwambia, ingawa alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Muriithi akainamisha kichwa na kuja kuung'oa. Mama akaufunika mche kwa kiganja.

"Mwambie mbuzi auzwe."

Leo mti huo unatupa kivuli getini. Matunda yakiiva huwa ya manjano, ndege huyagombania, na watoto wa jirani wameonywa mpaka wamechoka wasiyatie mdomoni. Yanayoanguka, Mama huyafagia kila asubuhi kabla mbuzi wa watu wa kijiji jirani cha Theta hawajapita njiani. Mwezi uliopita kaka yangu Musau alipiga simu kutoka Mwingi, akimbembeleza aende kwao Krismasi. Mama alimsikiliza akiwa ameegemea ufagio.

"Nije huko," akamwuliza, "halafu hapa afagie nani?"