Mabomba Sita Juu ya Paa

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tisa Agosti, saa nne kasorobo asubuhi, pale Bwana Majengo alipopanda juu ya paa la maabara mpya akiwa na viatu vyake vya ngozi.

Kumwona mkubwa juu ya paa si jambo la kila siku. Mzee Koleo, fundi bati wa chuo kwa miaka ishirini na miwili, aliacha kukaza nati akasimama wima. Mbele yake yalikuwa mabomba sita ya chuma, mita tatu kila moja, yametazama juu. Chini ya kila bomba, ghorofa ya pili, kulikuwa na kabati la moshi: sanduku kubwa lenye kioo ambamo watu wa kemia huchanganyia dawa zao kali, na feni huuvuta mvuke wake ikautupa huko juu, mbali na pua za watu.

"Fundi, haya madubwana yanaonekana kutoka getini," Bwana Majengo alisema. Ndiye aliyekuwa mkuu wa majengo yote ya chuo, na jina hilo alipewa na mafundi, si na mama yake.

"Yanaonekana, bosi. Ni marefu."

"Jengo limekuwa kama kiwanda cha sabuni. Siku ya ufunguzi wageni watapiga picha pale mbele. Yakate yasizidi ukuta wa paa."

"Mchoro unasema mita tatu, bosi."

"Mchoro nimeusaini mimi. Sasa nakwambia mimi."

Basi. Koleo akachomeka mashine ya kukatia, cheche zikaruka, na kufika saa saba yale mabomba sita yalikuwa vigutu sita vimejificha nyuma ya ukuta kama wezi. Aliyakata kwa mkono wake mwenyewe. Hilo hakuja kujisamehe.

Siku ile lakini hakukosa usingizi. Alikwisha kuzoea. Shule yake iliishia darasa la nne, na katika chuo kile wanaosoma michoro hawapandi paa, na wanaopanda paa hawaulizwi kitu.

Ijumaa binti yake alirudi nyumbani anakimbia, barua mkononi.

"Baba, nimepata! Msaidizi wa maabara! Jengo jipya, ghorofa ya pili!"

Mzee alicheka mpaka akafuta macho. Miaka miwili binti yule alikuwa anazungusha vyeti ofisi hadi ofisi. Halafu kicheko kikamkatikia njiani.

"Chumba gani, mwanangu?"

"Kile chenye makabati sita. Mbona umenuna?"

"Sijanuna," alisema, na chai ikamshinda.

Jumatatu alipanda tena paani, safari hii si kwa kazi bali kwa macho. Alikuwa analitafuta tundu la kuingizia hewa safi, lile lenye wavu ambalo linavuta hewa ya nje na kuigawa vyumbani kupitia darini. Alilikuta. Akahesabu hatua kutoka tunduni mpaka kwenye kigutu cha karibu: tano. Mabomba yalipokuwa marefu, mvuke ulipita juu kwa juu ukaenda zake. Sasa vigutu na tundu vilikaa nyuma ya ukuta mmoja, vinatazamana kama majirani wa kibaraza kimoja. Anachopumua huyu, anakivuta yule.

Akashuka moja kwa moja mpaka ofisini, vumbi na yote.

"Koleo, wewe unakata bati," Bwana Majengo alisema bila kuinua kichwa. "Hesabu za hewa zina wenyewe."

"Hewa haijui kusoma, bosi. Inakwenda inakosukumwa."

"Unanifundisha kazi?"

"Vipande bado viko stoo. Niruhusu niviunge. Siku mbili tu."

"Na wageni waone kiwanda? Wiki ijayo ukaguzi, wiki ya pili ufunguzi. Mkataba wako unaisha Desemba, na anayeuongeza ni mimi, unakumbuka?"

Alikumbuka. Alikumbuka na mengine. Mkewe alipiga deki katika chuo hichohicho, jengo la zamani la kemia, miaka kumi na minne, mpaka kifua kikamkatalia kupanda ngazi. Daktari aliandika "kifua," basi, kana kwamba hiyo ni habari. Ofisi hii hii ilileta shada la maua na barua ya pole ambamo jina la marehemu lilikosewa. Tangu siku ile Koleo hakuwa na heshima kwa mtu anayekalia kiti kinachozunguka.

Alitoka akaenda kumtafuta fundi umeme, rafiki yake wa siku nyingi, mtu wa mizaha.

"Siku ya ukaguzi uniwashie feni zote. Zinazotoa na zinazoingiza. Zote pamoja."

"Mzee wangu, unajipalia makaa. Umebakiza miaka mitatu ustaafu, kaa kimya ule pensheni yako na meno uliyobakiwa nayo."

"Utawasha, hutawasha?"

"Na nikiulizwa?"

"Sema Koleo ameagiza. Kila mtu anajua nina kichwa kigumu."

"Hilo hata sitahitaji kuapa," fundi umeme alisema.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi. Aliposikia mpango huo, binti alilia kwa uchungu.

"Baba, usiniharibie! Watasema yule msumbufu ni baba yake fulani. Wataniondoa kabla sijaanza."

"Siharibu kazi yako. Nalinda kifua chako."

"Na kama umekosea?"

"Nitakuomba radhi mbele yao wote, na vigutu nitavipaka rangi."

Siku ya ukaguzi walikuja kumi na mmoja. Mbele alikuwa Makamu Mkuu wa chuo, mama wa makamo, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Waajiriwa wapya walipangwa ukutani, binti akiwa kati yao, anamkwepa baba yake kwa macho.

Desturi ya ukaguzi pale chuoni ilikuwa moja tu. Fundi anashika kikaratasi mbele ya kabati, feni inakivuta, wakubwa wanatikisa vichwa, wanasaini, wanakwenda kunywa chai. Koleo hakuchukua karatasi. Alitoa mkebe wenye unga wa mbao uliolowana, akauwasha, akauweka ndani ya kabati. Moshi mzito ukapanda, feni ikaumeza wote kwa mkupuo.

Wageni wakapiga makofi.

"Feni zina nguvu kama trekta," Bwana Majengo alijisifu.

"Kweli kabisa," Koleo alisema. "Mama, naomba dakika tatu. Msitoke bado."

"Za nini?" Makamu Mkuu aliuliza.

"Za kusubiri, mama."

Bwana Majengo alimkata jicho. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili ilipokuwa inaelekea mwisho, kwenye matundu ya dari kukachungulia kitu cha kijivu. Kikashuka taratibu juu ya suti na vilemba. Mtu akakohoa, kisha watatu, kisha binti, mkono wa shati puani.

"Huu unatoka wapi?" Makamu Mkuu alishtuka.

"Ni uleule, mama. Umetoka nje, umesalimia, umerudi nyumbani. Leo ni unga wa mbao. Wakianza kazi itakuwa tindikali."

Fundi umeme, aliyesimama kwenye swichi, alishindwa kujizuia akacheka. Koleo hakucheka. Alieleza yote: mita tatu, siku, saa, na nani alisema kata. Na nani alikata. Hilo nalo hakulificha.

Makamu Mkuu aliishusha miwani machoni. "Jengo hili halifunguliwi mpaka mabomba yarudi urefu wake. Fundi, utayaunga wewe."

"Kesho saa moja nitakuwa juu, mama."

Alikuwa amepata alichokitaka. Binti alimtazama usoni kwa mara ya kwanza wiki ile. Wageni wakaanza kusogea mlangoni, na Bwana Majengo, akifuta macho kwa leso, akasema chini chini, kama mtu anayejisemea, "Na hili pia."

Koleo alikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Akageuka dirishani. Ng'ambo ya bustani lilikuwa jengo la zamani la kemia. Paa lake lilikuwa safi, halina bomba hata moja linalochomoza, na ufunguo wa kupandia huko ulikaa ofisini miaka yote, hakuna fundi aliyepewa. Ndani, nyuma ya vioo, wanafunzi wenye makoti meupe walikuwa wameinamia kazi zao, na mwanamke wa usafi alikuwa anapita na ndoo.

"Bosi," alisema, na chumba kizima kikasimama. "Umesema na hili pia. Jengo jingine ni lile?"

Bwana Majengo alikunja leso, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nakuuliza wewe, bosi. Mlijua tangu lini?"