Beseni la Matope Safi

Kazi yangu ni kuziba bidoni, yale madumu ya plastiki ya kuchotea maji. Bidoni ya manjano ikipasuka, watu wa mtaa wetu wa Mapendo wananiletea. Ninapasha kisu moto, ninayeyusha kipande cha plastiki juu ya ufa, kisha ninasugua kwa tupa mpaka pawe laini. Shule niliiacha darasa la tatu. Kwa hiyo binti yangu Charline aliponiambia kwamba kazi yake ya kumaliza chuo kikuu itahusu wadudu wa matope, nilimwuliza kama masomo mengine yote yalikuwa yameisha.

"Papa, si mududu mubaya," alisema. "Ni mutoto wa inzi. Anaishi ndani ya matope ya ziwa, samaki wanamukula. Akikosekana, na samaki watalala njaa."

"Na mimi niko wapi mu hiyo habari?"

"Uko kwa tupa."

Alitaka ule unga unaodondoka nikisugua. Mvua inaupeleka mtaroni, mtaro unaupeleka ziwani, na wadudu wanaumeza wakidhani ni chakula. Tumbo linajaa, mwili haukui. Hilo ndilo alilotaka kulipima. Nilimpa unga, nikamkumbusha kwamba unga huohuo ndio uliomlipia shule.

Akapanga mabeseni manne uani, juu ya mawe meusi ya volkano, akayafunika kwa chandarua. Matatu aliyatia matope yaliyochanganywa na unga wangu. La nne lilikuwa na matope safi. Ndani ya yote akaweka mabuu, wekundu na wembamba kama uzi. Alinieleza kwamba beseni la nne ndilo linaloshika kazi yote. Mabuu wa matope safi wakifa, huwezi kusema lolote juu ya wale wengine, kwa sababu hujui kilichowaua.

Mara ya kwanza walikufa wote, hata wa beseni safi. Akaanza upya. Wakafa tena.

Profesa wake, Nshimiyimana, hakumgombeza. Alimwambia ajaribu mara ya mwisho. Beseni safi likishindwa tena, abadilishe somo na arudi mwaka ujao. Charline si mtu wa kulia. Aliacha tu kuongea. Mke wangu, Marcelline, alimwombea. Mimi nilimwambia labda ziwa lenyewe limechoka, na hilo halikumsaidia.

"Ao ni mikono yangu, Papa," alisema. "Kuna watu wanaotunza kitu kikafa tu."

Mara ya tatu alikwenda mwenyewe kando ya ziwa, akachota matope mapya na mabuu wapya. Maji ya kuongeza kwenye mabeseni, kama mara zile mbili, aliletewa na Ruffin kwa chukudu yake, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kama anavyowaletea watu wote wa barabara yetu. Pale ufukweni kuna watu wa kujitolea wanaotia klori katika kila bidoni kwa sababu ya kipindupindu. Charline alikuwa amemwambia Ruffin tangu mwanzo: maji ya ziwa, bila dawa. Ruffin akajibu, "Ndiyo, mama."

Asubuhi ya kwanza ya kuongeza maji Ruffin alishusha bidoni, Charline akaichukua. Ruffin akaja pale nilipokaa na kisu changu, akateremsha sauti kama mtu aliyefika kwenye matanga.

"Papa Charline, ile minyoo yenu haijaisha tu?"

"Minyoo gani?"

"Ile ya mu maji yenu, niliionaka mu beseni. Musione haya. Hata kwetu Kiwanja kisima kilikuwaka nayo. Sijaambia mutu."

"Ruffin, unasema nini?"

"Ninasema dawa ya leo ni kali. Minaombaka Baharanyi, ule wa klori, atie mara mbili kwa bidoni zenu. Leo nimemubembeleza, ametia mara tatu. Itakufa yote, utaona."

Charline alikuwa ameshainamisha bidoni juu ya beseni safi. Niliruka, nikaisukuma kwa mikono miwili. Maji yalimwagika miguuni mwetu na kupotea katikati ya mawe.

"Ruffin," Charline alisema polepole, "nilikuambia bila dawa."

"Ulisema, mama. Lakini nani mwenye minyoo mu maji anaweza kukataa dawa? Niliwaza ni haya tu."

"Hiyo minyoo tunaifuga," nikamwambia.

Alinitazama, akamtazama Marcelline aliyesimama mlangoni, akitafuta mwenye akili kati yetu.

"Munaifuga."

"Ndiyo."

"Kama kuku?"

"Kama kuku."

"Na munakulaka nini pale, mayai?"

Charline akakaa chini kwenye maji yaliyomwagika, akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mabuu wa kwanza wafe. Harufu ya klori hatukuwa tumeigundua, kwa sababu hapa kwetu maji yasiyonuka klori ndiyo yanayotutisha.

"Papa, si mikono yangu," alisema.

"Si mikono yako."

"Na si ziwa."

"Nyamaza, nenda ubadili nguo."

Tangu siku hiyo Ruffin alileta maji yasiyo na dawa, ingawa ilimbidi abishane. Baharanyi alimwuliza hadharani familia ya muziba bidoni imemukosea nini mpaka anataka kuiua.

Profesa alikuja wakati inzi walipoanza kutoka. Beseni safi hakulifunua. Hakukuwa na haja. Inzi walikuwa wamejaa ndani ya chandarua mpaka kikaonekana kama kimemwagiwa majivu. Kwenye mabeseni yenye unga walikuwa wachache, wadogo, na lile lenye unga mwingi bado lilikuwa na mabuu waliokwama matopeni. Profesa alimchukua mmoja, akanipa kioo cha kukuzia nitazame. Katikati ya mwili mwekundu kulikuwa na chembe za manjano.

"Hiyo ni yangu," nikasema.

"Ni ya wengi, muzee," alijibu.

Charline alinitazama kana kwamba amenivunjia kitu. "Umekasirika, Papa?"

"Ningekasirika wangekufa tena bila sababu. Hawa sababu yao tunaijua."

Sikusema hivyo ili kumfariji. Unga ule nitatafuta namna ya kuuzuia usifike mtaroni. Ni jambo ninaloweza kulifanya kwa mikono. Mtoto aliyeacha kuongea nisingejua pa kumziba.

Profesa akamwambia aandike na ajiandae kuitetea kazi yake, hakuna mwaka wa kurudia. Charline alimsindikiza mpaka barabarani, akarudi, akapita kati yetu, akaanguka kitandani na viatu vyake. Jua lilikuwa bado kali. Marcelline alimvua viatu, akashusha pazia.

Mteja mmoja akaingia uani na bidoni iliyopasuka, akaanza kunieleza ilivyoanguka. Nikamwambia aiache na aende taratibu, ndani kuna mtu amelala.