Oili Kwenye Miguu ya Trela

Spana, jina alilobandikwa gereji na hatimaye hata baba yake akalizoea, alikuwa binti fundi wa breki za malori. Yeye na mzee waliishi nyuma ya gereji hiyo, ndani ya trela kuukuu lililowahi kuwa ofisi. Magurudumu yalishang'olewa, lilisimama juu ya miguu minne ya silinda za hewa. Ukizijaza linanyanyuka, hewa ikipungua linashuka.

Mzee alikuwa dereva wa masafa marefu mpaka kizunguzungu kilipomshusha kwenye usukani. Kila Spana aliporudi, mgongo ukimuuma na mikono ikinuka grisi, alimkuta ameng'ang'ania meza, akilalamika kwamba nyumba inatembea. Mwanzoni binti alimshika mkono akamkalisha. Baadaye alichoka. Daktari alishasema ni ugonjwa wa sikio la ndani. Kaka yake, kwenye simu, alisema uzee hauna spea. Ndipo siku moja Spana akamjibu baba yake kwa ukali kwamba kinachotembea ni kichwa chake, si nyumba. Tangu hapo mzee hakulalamika tena. Kimya hicho kilimchosha binti kuliko malalamiko.

Ikatokea Spana akashikwa na homa, akashinda amelala kwenye mkeka sakafuni. Mzee aliinuka kwenda chooni. Alipokanyaga upande wa mlangoni, maji ya beseni lililokuwa karibu na uso wa Spana yaliegemea upande mmoja, yakarudi, yakaegemea tena. Siku zote Spana hakuwa amehisi. Akitoka kazini, miguu yake haikuwa na habari na sakafu.

"Baba, nisamehe," alisema. "Kumbe inatembea kweli."

"Ugua pole, mwanangu," mzee alijibu, akaendelea na safari yake ya chooni.

Spana alipopata nafuu alimwomba rafiki yake, mpaka rangi wa gereji, amsaidie Jumapili. Akamweleza kwamba hewa inabonyea kama godoro mtu akikanyaga, lakini oili haibonyei. Walilikalisha trela juu ya magogo, wakatoa hewa, wakafungua silinda na kubadilisha mipira, maana ya zamani ilikuwa imekauka na isingezuia oili. Magogo yenyewe yasingefaa kuachwa, kwani udongo ulikuwa tifutifu na yangezama. Kisha wakasukuma oili kwa pampu ya mkono, wakafunga valvu. Mzee alikaa kivulini akiwakemea kila walipotaka kuingiza kichwa chini ya chuma.

Walipoondoa magogo, Spana alipanda akarukaruka. Trela likayumba vilevile.

Alikaa mlangoni. Alitamani kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. Mpaka rangi, akijifuta jasho, aliuliza kama hewa yote ilitoka walipokuwa wakisukuma oili. Spana akamtazama. Kutoa hewa kwenye breki ndiyo kazi aliyoifanya kila siku ya Mungu, na kwenye silinda zake mwenyewe alikuwa ameisahau.

"Mganga hajigangi," mzee alisema kutoka kivulini, wote wakacheka kwa uchovu.

Wakarudisha magogo. Wakalegeza nati ya juu ya kila silinda na kusukuma tena, povu likatoka kwanza, kisha oili safi. Wakakaza nati, wakaondoa magogo, na safari hii sakafu ikatulia. Mzee akapanda, akatembea hadi dirishani, kiganja ukutani.

"Mbona bado unashika ukuta?"

"Nyumba imetulia," alisema. "Mimi bado."

Spana alimsogezea kiti, akaketi chini kando yake, akamuuliza kizunguzungu kinaanzia wapi na kinakuja vipi. Mzee alieleza kirefu, kama mtu aliyekuwa ameyaweka akiba maneno hayo siku zote. Katikati ya maelezo binti alisinzia, na mzee hakumwamsha.

Baadaye Spana alichomelea bomba la kushikilia ukutani kutoka kitandani hadi chooni. Siku mbaya mzee hulishika. Siku njema hulipita kama halioni. Mguu mmoja wa nyuma wa trela unavuja kidogo mpaka leo, na Spana huuongeza oili anapokumbuka.